Kisu hakidakwi: dhana potofu kuhusu kujihami ninazozisikia Malindi

"Kochi, akinijia hivi, si namdaka mkono, namzungusha, kisu kinaanguka?"

Swali ni hilo hilo. Hulileta kijana wa boda boda kutoka Barani, hulileta mlinzi wa hoteli ya Casuarina, hulileta binti anayetoka kazini usiku. Kila mmoja akiuliza hunyoosha mkono mbele na kuuacha hewani ukinisubiri. Huwa najibu: ndiyo, akikujia hivyo mdake. Kisha umshukuru, maana hutapata mshambuliaji mwingine mwenye adabu kama hiyo.

Dhana hii ya kunyang'anya kisu ndiyo iliyonichosha, kwa hiyo ndiyo nitakayoipa nafasi kubwa. Watu wanaitoa kwenye video za simu na kwenye maonyesho ya vilabu. Mmoja anachoma mara moja na kuganda, mkono umenyooka. Mwenzake anafanya mambo matatu ya kupendeza, kisu kinadondoka, watu wanapiga makofi. Kilichofundishwa pale ni jinsi ya kushughulika na mkono uliosimama. Mkono wenye kisu hausimami.

Shambulio lenyewe huendaje? Kwanza, mara nyingi kisu hukioni. Kimefichwa nyuma ya paja, ndani ya kikoi, au kwenye mkono wa jaketi. Mtu aliyekusudia kukudhuru hakionyeshi akiwa mbali. Hukusogelea kwa maneno, anaomba kiberiti, anauliza saa, mpaka afike pa kukugusa. Pili, mkono unaotangulia ni ule mtupu: unakamata kola, unashika bega, unakusukumiza ukutani. Tatu, ule mwingine unaingia na kutoka mfululizo, kwa njia fupi, tumboni, mbavuni, shingoni, na kurudi nyuma kwake kuna kasi ile ile ya kuja. Wengi waliochomwa husimulia kwamba walidhani wamepigwa ngumi, mpaka walipoona damu.

Sasa nionyeshe ni wapi katika hayo umepata nafasi ya kudaka kifundo cha mkono. Kifundo ni kidogo, kinakwenda mbele na nyuma, kina jasho, na punde kitakuwa na damu. Hofu nayo haikusaidii: moyo ukienda mbio vidole huwa vizito, na kazi za vidole ndizo zinazokutupa kwanza. Ukibahatika kukishika kwa mkono mmoja, mwenzio anavuta kwa mwili mzima, na makali yanapita kiganjani mwako yakitoka.

Usiniamini kwa maneno. Tafuta fulana nyeupe kuukuu na kalamu nene ya wino mwekundu, ile ya kuandikia maboksi. Vaa miwani ya kukinga macho. Mpe mwenzako kalamu, mwambie ana sekunde tano, asikuonee haya, na asisimame hata ukimgusa. Mkimaliza, vua fulana muitandaze sakafuni. Kama anatumia mkono wa kulia, alama zitajazana upande wako wa kushoto, kuanzia mbavuni kushuka hadi kiunoni, na huenda ukakuta mbili tatu karibu na kola ambazo hukuzihisi kabisa. Kisha fungua viganja. Wino ulio kati ya kidole gumba na cha shahada ni wa pale ulipokuwa ukidaka. Nimeona watu wenye mkanda mweusi wakiilaumu kalamu.

Basi tufanye nini? Kama njia ya kutoka ipo, toka. Kama ameshakufikia na huna njia, jambo lako si kisu, ni mkono uliokibeba. Jikinge kwa mifupa ya nje ya mikono, viganja vikielekea kwako, kwa sababu ateri kubwa zinazoshuka kutoka kiwiko hadi kifundo zimepita upande wa kiganja. Utakatwa, ndiyo. Kidonda cha upande wa nje huwa na nafuu kuliko kilichofika kwenye ateri au tumboni. Halafu ingia, usiende kinyumenyume, kwani yeye anakuja mbele upesi kuliko unavyoweza kurudi nyuma, na kisigino chako kitakwaa. Kamata juu ya kifundo kwa mikono yako yote miwili, au kumbatia mkono wake kwenye kiwiko, uubane kiunoni kwake au ukutani, uzito wako wote ukiwa juu ya mkono huo mmoja na kichwa chako kimegandamana na bega lake. Piga goti, piga tena, mpaka apoteze mizani. Msukume, kimbia. Kisu kikianguka, heri. Kisipoanguka, kimbia vilevile.

Na zoezi hili lina sharti. Mwenye kisu cha mpira anaruhusiwa kuvuta, kuhamisha kisu mkono wa pili, na kukupiga kwa mkono mtupu. Ukimkataza hayo mnacheza tu. Anzeni polepole, yeye akikataa kwa nguvu ndogo, kisha mpandishe kidogo kidogo. Wiki za mwanzo zinavunja moyo, na wengi huniacha hapo wakaenda kwa mwalimu ambaye visu vyake vinadondoka. Hata mtu wa miaka mingi huchomwa kwenye zoezi. Atakayekuahidi kwamba hutaguswa, muulize mbinu yake inafanyaje mbele ya mtu asiyeganda, na umwombe akuonyeshe hapo hapo kwa kalamu.

Dhana ya pili: "Nitamwona akija, nitajiandaa." Mwaka 1983 Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City huko Marekani, aliandika juu ya zoezi la kupima muda: mtu wa kawaida hukata futi 21, yaani mita sita na ushee, kwa takriban sekunde moja na nusu. Alikuwa akimzungumzia polisi mwenye bastola kiunoni. Wewe una funguo na mfuko wa samaki. Wapo walioligeuza hesabu hilo kuwa mpaka, eti ukiwa nje ya futi 21 uko salama. Si mpaka. Linachosema ni kwamba muda ni mdogo kuliko unavyodhani, basi. Ndiyo maana nawaambia watazame mikono ya watu, wasitazame nyuso, na waweke kitu katikati mapema: tuk-tuk iliyoegeshwa, meza ya muuza viazi karai, mkokoteni. Mtu mwenye kisu akilazimika kuizunguka meza, ameshakupa muda ambao hakutaka kukupa.

"Kukimbia ni uoga." Hapa wanafunzi wangu wanajua nitasema nini, na wengine hucheka kabla sijaanza. Kukimbia ni ufundi na hufundishwa. Sehemu kubwa ya saa yangu ni kukimbia, tena kwa nguo unazovaa kila siku, si kwa suruali ya mazoezi. Kama unatembea na ndara, jifunze kuzivua kwa teke moja ukiwa tayari unakwenda. Kama unavaa buibui, jifunze kulikusanya kwa mkono mmoja hadi gotini na kukata kona nalo. Mwenye kanzu vilevile, na asione haya. Kina mama wanaokuja kwangu huwashinda vijana katika zoezi hili, kwa sababu vijana bado wanataka kujifunza teke la kichwa.

Wa Lamu hunijibu kwamba kwao hakuna pa kukimbilia, vichochoro ni vyembamba, ukikutana na punda mwenye mzigo unajibanza ukutani. Kweli. Lakini wembamba huo unambana na yeye: hawezi kukuzunguka, na wawili hawawezi kukujia ubavu kwa ubavu. Tena Lamu ni mji wa watu walioketi nje. Kimbilia kwenye baraza yenye watu, ingia daka lolote, yaani ukumbi wa mbele ya mlango wa nyumba, ugonge mlango, piga mayowe tangu hatua ya kwanza. Usingojee mpaka ufike mbele ya ngome. Kosa ninaloliona kwenye mazoezi ni mtu kukimbia kimya, kana kwamba anaona aibu kuwaamsha majirani.

Kuna vijana wa huko huko wanaoniambia wamekulia kwenye kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, kwa hiyo kisu hakiwatishi. Nakipenda kirumbizi, na mchezaji wake mzuri huja kwangu akiwa na macho na miguu ambayo wengine huwachukua muda mrefu kuipata. Miguu hiyo ichukue. Lakini kirumbizi kina duara, kina ngoma, kina mwenzako anayekuonyesha fimbo yake na watazamaji watakaowaachanisha. Kisu cha kichochoroni hakina hata kimoja cha hivyo. Mwenye mkanda wa karate au taekwondo namwambia maneno hayo hayo.

"Basi na mimi nitembee na kisu." Hili husemwa sana kwenye steji za boda boda. Wawili wenye visu wakikutana, wote wawili hukatwa. Na ukinusurika kuna mahakama: kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaruhusu kujilinda, lakini kinapima nguvu uliyotumia kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza, yaani kama ilikuwa ya lazima na ya kadiri. Aliyemchoma mtu ambaye ameshaanguka atapata kazi kubwa ya kueleza alikuwa akijihami na nini.

"Kumpa simu ni kushindwa." Mpe simu. Afadhali uitupe upande mmoja, wewe uondoke upande wa pili. Mbinu zote nilizoeleza hapo juu ni za mtu anayekuja kukuua, si za mtu anayetaka simu yako. Isipokuwa akikwambia mfuatane, mshuke ufuoni au mwende nyuma ya jengo ambako hakuna watu: hapo usiende. Pigana au kimbia pale pale ulipo, wakati bado kuna macho ya watu.

Ya mwisho ni ya baada ya tukio, na inaua. "Chomoa kisu haraka." Usichomoe. Kikiwa bado mwilini huenda ndicho kinachoziba mshipa. Kizungushie nguo pande zote kisitikisike, mpeleke hospitali nacho. Kahawa, sukari, mafuta ya taa na tumbaku viacheni jikoni na dukani. Jeraha linalotoka damu hugandamizwa kwa nguvu, kwa nguo safi, moja kwa moja, bila kuchungulia kila mara kama imekoma. Jeraha refu la mkono au paja lisilosikia kugandamizwa hufungwa kwa leso iliyokunjwa ikawa ukanda mpana, sentimita tano hadi saba juu ya jeraha, si juu ya kiungo, kisha huzungushwa kwa kijiti mpaka damu ikome. Kamba ya kiatu haifai, inakata nyama tu. Matumbo yakitoka usiyarudishe, yafunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi. Piga 999 au 112, lakini usikae ukingoja kama gari lingine lipo. Anayetoka kisiwa cha Pate kwenda hospitali ya King Fahd mjini Lamu ana safari ya boti mbele yake, kwa hiyo anayegandamiza jeraha apande naye, na wa kumpokea mikono ikichoka apande pia. Saa uliyofunga ile leso iandike kwa kalamu mkononi mwa mgonjwa. Daktari atakuuliza hilo kabla ya kukuuliza jina lake.