PS2 kwenye flati: ukungu unatoka wapi, na ununue waya gani

Haipiti wiki bila mtu kuniletea PS2, yaani mashine ya gemu ya PlayStation 2, karakanani na kuniambia, "Fundi, lenzi imechoka, picha ina ukungu." Lenzi na ukungu havijuani. Lenzi ikichoka, diski haisomwi au gemu linakwama katikati, picha haififii. Huwa sibishani. Naichomeka kwenye TV yangu ya chogo ya inchi 14 iliyo juu ya meza, na picha inatoka vilevile alivyoizoea enzi za kibandani. Hapo ndipo linapokuja swali lenyewe: mbona kwenye TV ya flati ya inchi 43 nyumbani inaonekana kama naitazama kupitia nailoni?

PS2 ilitoka Japani Machi 2000, ikauzwa zaidi ya mashine milioni 155, na Sony hawakuacha kuitengeneza hadi tulipokaribia kuingia 2013. Mwanzo hadi mwisho ilibaki mashine ya zama za chogo, na chogo haionyeshi picha kama flati inavyoonyesha. Ndani ya chogo kuna mwali wa elektroni unaochora mstari mmojammoja kutoka juu kwenda chini. Tena hauchori mistari yote kwa mkupuo. Kwanza unapita mistari ya witiri, kisha unarudi juu na kupita ya shufwa. Kwa mfumo wa PAL, ambao ndio wa kwetu, picha ina mistari 576, kwa hiyo kila nusu ina 288, na nusu hizo hupita 50 kwa sekunde. Diski za Kijapani na za Kimarekani zinatumia NTSC: mistari 480, nusu zenye mistari 240, mara 60 kwa sekunde. Jicho ndilo linaloziunganisha. Chogo yenyewe haina hesabu yoyote ya kupiga. Mstari ukifika, unachorwa hapohapo.

Flati haiwezi hivyo. Ina vitone vilivyopangwa kiwandani, mistari 1,080 au 2,160 ikiwa ni 4K, na inataka picha nzima. Ikipokea nusu mara nyingi inabidi isubiri nusu nyingine, izishone, ibahatishe kilichosogea kati ya hizo mbili, kisha iivute ile mistari 576 hadi ijaze kioo chote. Ikibahatisha vibaya, mchezaji anayekimbia anaota meno ya kitana pembeni. Na hata ikipatia, imeshakula muda.

Muda huo ndio unaoniudhi kuliko ukungu wenyewe. Ukungu utauzoea. Kuchelewa hakuzoeleki, na wengi hawajui kama ni kuchelewa. Wanadhani pedi imeisha au wao wenyewe wamezeeka. Nusu-picha moja ya PAL ni milisekunde 20. Flati ikiwasha mapambo yake yote, ya kulainisha mwendo, kuondoa chenga na kukoleza rangi, inaweza kupitisha milisekunde 100 kabla hujaona ulichobonyeza. Yaani nusu-picha tano nyuma. Kwenye penalti unabonyeza, kipa anaruka, na mpira ulishalala wavuni. Mtu aliyekuwa mfalme wa mtaa anafungwa na mdogo wake aliyeanza kushika pedi juzi, kwa sababu mdogo hana mazoea ya kuvunja.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, chukua rimoti. Tafuta Game Mode, hali ya gemu inayozima mengi ya mapambo hayo, kwenye menyu ya picha na uiwashe, lakini uiwashe ukiwa kwenye tundu lile PS2 ilipochomekwa, maana TV nyingi hutunza mpangilio wa kila tundu peke yake. Umeiwasha ukiwa kwenye king'amuzi? Hujafanya kitu. Ukiwa hapohapo shusha Sharpness, ukali wa picha, karibu na sifuri. Kiwandani huwa wameipandisha, na kwa picha ya zamani kazi yake ni kuchora ukingo mweupe kuzunguka kila kitu. Halafu rudisha umbo la picha kuwa 4:3, lile la chogo. Najua watu hawapendi zile pande mbili nyeusi, wanasema wamelipia kioo kizima. Sawa, lakini mpira ukishakuwa yai usiniletee mashine. Gemu zenye chaguo la 16:9, umbo pana la flati, ndani ya menyu yake ndizo zinazostahili kujaza kioo.

Sasa waya. Ule uliokuja na mashine, wa njano, nyeupe na nyekundu, ndio chanzo kikubwa cha ukungu. Nyeupe na nyekundu ni sauti. Njano peke yake imebeba picha yote, mwanga na rangi vimesukumwa kwenye uzi mmoja kama abiria wa daladala saa kumi na mbili asubuhi. TV inapaswa kuvitenganisha tena, na haiwezi kuvitenganisha vikaisha. Kinachobaki unakiona kama siafu wanaotambaa kwenye ukingo wa jezi nyekundu. Chogo ndogo iliwaficha siafu hao. Inchi 43 inawakuza. Waya huohuo ndio uliokuwa ukileta picha nyeusi na nyeupe kwenye PS2 zilizochipuliwa, yaani zilizowekewa chipu ili zisome diski za nje: diski ya Kijapani inatoa rangi kwa NTSC, TV inaijua PAL tu, basi rangi inapotea njiani.

Dawa ni waya wa komponenti, wenye vichwa vitano: kijani, bluu na nyekundu kwa picha, halafu nyekundu nyingine na nyeupe kwa sauti. Kijani hubeba mwanga, na hizo mbili hubeba rangi. Kwa kuwa havikuchanganywa, hakuna cha kutenganisha, na ugomvi wa PAL na NTSC kwenye rangi unaisha. Lakini usianze kwa kuuchomeka. Washa PS2 bila diski ukiwa bado na waya wa njano, ingia System Configuration, tafuta Component Video Out, uitoe kwenye RGB uiweke kwenye Y Cb/Pb Cr/Pr. Ukiruka hatua hii utapata rangi za ajabu au usipate picha kabisa, na hapo hutaiona menyu ya kurekebishia. Nimepokea mashine za namna hiyo zikisemwa zimeungua.

Tatizo ni kwamba TV mpya zinaziacha tundu hizi. Nyingine zina tundu la kijani lenye duara la njano, maana yake linapokea vyote viwili. Ukichomeka njano huku TV ikidhani ni komponenti, picha inakuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo chagua kwenye menyu ya TV. Nyingine zina kitundu kimoja chembamba kama cha spika za masikioni, kinachohitaji waya wake maalumu. Na nyingine zina HDMI tu.

Hapo kwenye HDMI tu ndipo pesa za watu zinapopotea. Kile kiboksi cheupe cha bei rahisi kinapokea waya wa njano. Siafu, ukungu na kila kitu vinaingia humo, vinavutwa hadi 1080, kisha vinapelekwa kwenye TV vikiwa vimevaa suti. Kinafanya kazi, ila usitegemee usafi. Na soma maandishi yake: unataka AV2HDMI. Kuna pacha wake ameandikwa HDMI2AV, anafanana naye kabisa na anakwenda upande wa pili. Jamaa mmoja aliuziwa huyo pacha na kuambiwa "ni hichohicho", akahangaika nacho wiki mbili.

Bora kidogo ni kile kichwa kidogo kinachochomekwa moja kwa moja nyuma ya PS2 na kupewa umeme kwa USB. Hiki kinachukua ishara ya komponenti, hivyo ule mpangilio wa menyu niliousema unahusika hapa pia. Hakivuti picha, kinaipitisha tu kidijitali, na kazi ya kushona nusu-picha inabaki kwa TV. Ndiyo sababu TV moja inaipokea vizuri na nyingine inaandika hakuna mawimbi, hasa ukiweka diski ya PS1, ambayo mara nyingi hutoa mistari 240 tu. Omba ujaribu na TV yako kabla ya kulipa.

Kwa mwenye uwezo kuna mashine za kazi hiyo, kama RetroTINK za Mike Chi wa Marekani na OSSC iliyobuniwa na Markus Hiienkari wa Ufini. Hizi zinazidisha mistari karibu papo hapo. Ni nzuri, nimezigusa, lakini bei yake inaweza kupita ya PS2 yenyewe mara kadhaa na kwa gemu la mpira sikushauri.

Kitu cha bure ambacho wachache wanakijua: baadhi ya gemu zinaweza kutoa picha nzima, mistari 480 bila kugawa nusu. Nyingine zina chaguo kwenye menyu yake, nyingine unashikilia X na pembetatu gemu linapoanza. Inahitaji komponenti au kile kichwa cha HDMI. Waya wa njano haupitishi. TV ikikosa cha kushona, ukali unarudi na kuchelewa kunapungua.

Bunduki ya kulengea ndiyo pekee isiyo na dawa. Ile ya zamani hujua ulipolenga kwa kuvizia mwali wa chogo unapopita, na kwenye flati hakuna mwali. Mteja wa wiki iliyopita alikuwa nayo. Tulimaliza waya, Game Mode, 4:3, kila kitu, akaridhika, kisha akaitoa kwenye mfuko wa rambo na kuilenga flati yangu ya majaribio. Hakuna kitu. Akaigeukia ile chogo ya mezani, akaniuliza ni bei gani.