Nafasi ya mtoto darasani si maendeleo yake

Ijumaa iliyopita tuligawa ripoti za mwezi wa Machi, nami nilikaa katika ofisi ya taaluma tangu saa mbili asubuhi nikipokea wazazi wa Darasa la Nne. Swali la kwanza la karibu kila mmoja lilikuwa lile lile: "Mwalimu, kawa wa ngapi?" Baba mmoja, mtu mzima ambaye mimi ndiye niliyemwamkia shikamoo, alipokea ripoti ya binti yake, akashusha kidole moja kwa moja hadi mstari wa mwisho, akasoma "41 kati ya 79", kisha akamgeukia mtoto mbele yangu akamwambia, "Mwezi uliopita ulikuwa wa 34. Unacheza tu shuleni." Daftari la Hisabati nililokuwa nimeliweka mezani ili alitazame hakulifungua. Nina miaka tisa katika kazi ya taaluma na maneno ya namna hiyo nimeyasikia kila mwezi wa kila mwaka, lakini safari hii yaliniuma kweli, kwa sababu Machi ndio mwezi ambao mtoto huyo alipiga hatua kubwa kuliko zote tangu nimjue.

Nieleze kilichokuwamo ndani ya daftari. Mwezi wa Februari, kila swali la kutoa lililohitaji kukopa alilikosa, na alilikosa kwa namna moja. Akipewa 403 kutoa 178, aliandika 375. Anayesahihisha kwa haraka huweka mkasi na kupita, lakini ukiitazama 375 kwa makini unaona kwamba mtoto hakubahatisha hata kidogo: katika mamoja alitoa 3 kwenye 8 akapata 5, katika makumi alitoa 0 kwenye 7 akapata 7, katika mamia alitoa 1 kwenye 4 akapata 3. Alikuwa na kanuni yake kamili, kwamba siku zote tarakimu ndogo hutolewa kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini, na kanuni hiyo aliifuata kwa uaminifu katika maswali 11 mfululizo. Kosa la aina hiyo haliondoki kwa viboko wala kwa kurudia mazoezi 50 ya nyumbani, kwa maana mtoto ataifanyia mazoezi kanuni yake potofu mpaka ikomae. Lilimchukua mwalimu wake wa Hisabati wiki tatu za vijiti vilivyofungwa makumi kwa makumi na mamia kwa mamia, hadi mtoto alipofungua mwenyewe fungu la mia ili apate makumi, kisha akafungua fungu la kumi ili apate mamoja. Kwenye mtihani wa Machi kulikuwa na 602 kutoa 347, yenye sifuri katikati, ambayo ndiyo inayowashinda wengi hata Darasa la Tano. Aliandika 255. Ni jibu sahihi, na pembeni alikuwa amechora mafungu yake.

Huyo ndiye aliyeambiwa kwamba anacheza tu.

Sasa tuitazame hiyo 34 na hiyo 41, maana hapa ndipo watu wazima wenye akili zao, wakiwamo walimu wenzangu, wanapopotea. Februari alipata alama 151 kati ya 300, Machi akapata 158. Alama zilipanda, nafasi ikashuka. Wazazi wengi wakisikia hivyo hudhani kuna makosa ya kujumlisha, lakini makosa hayapo. Mtihani wa Februari ulifanywa na watoto 71, kwa kuwa wanane walikuwa wagonjwa au watoro, na Machi wote 79 walikuwapo. Kati ya wale wanane waliorudi, watano walipata alama nyingi kuliko binti huyu. Kwa hiyo katika nafasi saba "alizoshuka", tano zimetokana na watoto ambao mwezi uliotangulia hawakuwamo kabisa kwenye hesabu. Wangeweza kuhudhuria Februari, naye angekuwa wa 39 tangu mwanzo, na pengine baba yake angemsifu kwa kutoshuka sana.

Zimebaki nafasi mbili, nazo zina habari yake. Watoto watatu walifungana kwa alama 159, wote wakaandikwa wa 38, na kwa utaratibu wetu anayefuata baada ya watatu waliofungana huandikwa wa 41, wala si wa 39. Binti huyu alikuwa na 158. Alama moja tu ingemfanya awe wa 38 pamoja na wale watatu. Alama moja, katika 300! Nilichukua mkeka, yaani orodha ya matokeo ya darasa zima, nikaupitia: kati ya mtoto wa 25 na wa 45 kulikuwa na tofauti ya alama 13 tu. Watoto ishirini na mmoja wamebanana humo kama abiria wa daladala ya jioni, na anayejaribu kusoma bidii au uvivu wa mtoto kwa kuangalia amesimama wapi katika msongamano huo anasoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Na alama yenyewe, je, ni ya kuaminiwa kiasi hicho? Hapa sina budi kusema jambo ambalo kwenye vikao vya wazazi hatulisemi. Mwaka jana nilichukua karatasi 12 za utungaji nilizokuwa nimezisahihisha mwenyewe, nikafunika majina na alama, nikazisahihisha upya baada ya wiki mbili. Karatasi saba zilipata alama tofauti na za mwanzo, na moja ilitofautiana kwa alama tatu kati ya 10. Mwandishi ni yule yule, msahihishaji ni yule yule, karatasi ni ile ile. Sikuwa nimezembea mara zote mbili; ndivyo usahihishaji wa utungaji ulivyo, hasa unapofika karatasi ya 60 usiku kwa mwanga wa simu baada ya umeme kukatika. Darasa moja la watoto 79 kwa masomo sita ni karatasi 474, na hizo ni za mtihani mmoja wa mwezi mmoja. Kwenye sehemu ya katikati ya mkeka, alama tatu zinatosha kumpandisha au kumshusha mtoto nafasi nne au tano. Vivyo hivyo kwenye maswali ya kuchagua: ukitoa maswali 20 yenye majibu matano kila moja, mtoto asiyejua lolote atapata wastani wa manne kwa kubahatisha, mwezi huu akapata sita, mwezi ujao akapata mawili, na nyumbani akasifiwa mara ya kwanza na kuadhibiwa mara ya pili kwa ujinga ule ule.

Sitaki kuwalaumu wazazi bila kueleza imani hii ilitoka wapi, kwa sababu ilitoka mahali pa kweli. Wengi wao, na mimi mwenyewe, tulisoma shule ya msingi kabla ya shule za sekondari za kata. Kabla ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza hapa Tanzania mwaka 2004, nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache mno, na katika shule nyingi za vijijini walichaguliwa wachache wa juu, wengine wote wakarudi shambani hata kama walijua kusoma na kuhesabu vizuri. Wakati huo nafasi ilikuwa ndiyo maisha. Kuwa wa 3 na kuwa wa 8 kulikuwa na tofauti ya sekondari na jembe. Mzazi aliyeyaona hayo hawezi kuusahau uchungu wake kwa kuambiwa na mwalimu kwamba siku hizi mambo ni mengine.

Lakini kweli ni mengine. Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hutoa madaraja, kuanzia A hadi E, na daraja hutokana na alama za mtoto mwenyewe bila kujali aliyekaa naye dawati moja amepata ngapi. Darasa zima likipata A, wote wana A. Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, utaratibu uliokuwa umezoeleka kwa miaka mingi. Sisi huku chini tumebaki kumpanga mtoto wa miaka tisa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi, jina lake likisomwa na kila mpita njia.

Jambo jingine linaloambatana na hilo ni lawama kwamba shughuli za mwezi ndizo zinazoshusha nafasi: michezo, bustani, klabu, ngonjera za siku ya wazazi. Mama mmoja aliniomba mwanawe asishirikishwe kwenye mazoezi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, mpaka "arudi kumi bora". Nilikataa kwa heshima, na nitaendelea kukataa. Mwanawe ni mtoto aliyekuja siku 9 kati ya 20 mwezi wa Februari, na Machi, mazoezi ya riadha yalipoanza, akaja siku 18. Mwalimu yeyote anajua kwamba hakuna njia ya kumfundisha mtoto asiyekuwapo. Rejesta ya mahudhurio ndiyo waraka wa kwanza ninaoufungua ninapotaka kujua maendeleo ya mtoto, nayo haijawahi kubandikwa ukutani. Kuhusu bustani nitasema machache: tuta la mchicha lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 2 limewafundisha watoto wa Darasa la Nne eneo kuliko ukurasa wowote wa kitabu, kwa kuwa walilipima wenyewe kwa kamba na kulihesabu mraba kwa mraba.

Nakiri kwamba sina jibu kamili. Tuliwahi kuondoa nafasi kwenye ripoti za darasa moja kwa muhula mzima, tukaandika alama na maelezo tu. Katika wiki ya kwanza mzazi mmoja alikusanya alama zote kwenye kundi la WhatsApp la darasa, akazipanga mwenyewe, na zikasambaa zikiwa na makosa mawili ya kujumlisha. Tukarudisha nafasi, angalau ziwe sahihi. Nakiri pia kwamba nimewaona watoto waliopata nguvu kwa kushindana. Yuko mvulana wa Darasa la Sita aliyekuwa wa 12 akaapa kumpita binamu yake aliyekuwa wa 5, na alisoma kweli, akampita kweli. Kwa watoto walio karibu na juu, ambao hatua moja ya ziada wanaiona na wanaiweza, nafasi inaweza kuwa kichocheo. Kinachonitisha ni yule wa 63. Yeye huambiwa kila mwezi kwamba yuko nyuma ya watu 62, na haambiwi kamwe ni nini hasa hajui, wala ni nini amekijua mwezi huu ambacho mwezi uliopita hakukijua. Hadi wapi ushindani unajenga na kutoka wapi unabomoa, mimi sijaweza kupachora mstari, na sijamwona mwalimu mwenzangu aliyeweza.

Na hapa kosa letu walimu ni kubwa kuliko la wazazi. Tukitazama upande wa maoni ya mwalimu wa darasa katika ripoti hizo 79 za Machi, 52 zimeandikwa maneno mawili: "Ongeza bidii." Mzazi atasoma nini hapo? Bidii ya kitu gani, katika somo lipi, kwa njia gani? Tumempa karatasi ambayo kitu pekee kinachoeleweka ndani yake ni namba ya nafasi, kisha tunakasirika kwamba ameisoma namba ya nafasi. Mwalimu wa darasa ana watoto wengi na muda mchache, najua, na yeye ndiye anayefundisha, anayeshika zamu, anayesimamia uji na anayeandika andalio la somo la kesho. Hata hivyo sentensi moja ya kweli kuhusu mtoto mmoja haimalizi dakika mbili kwa mwalimu aliyesahihisha karatasi zake mwenyewe.

Nimekubaliana na mwalimu mkuu kwamba kuanzia ripoti za Aprili nafasi itabaki, ila itahamia chini kabisa baada ya mahudhurio na maoni, na kila mwalimu wa darasa ataandika jambo moja ambalo mtoto ameliweza mwezi huo na jambo moja ambalo bado. Maneno "Ongeza bidii" peke yake hayatapokelewa ofisini kwangu. Ripoti ya yule binti nimeomba iandikwe upya, na mwalimu wake ameandika hivi: "Sasa anaweza kutoa kwa kukopa hata penye sifuri katikati. Kiswahili, husoma vizuri lakini huruka nukta. Nyumbani, tafadhali msikilize akisoma kwa sauti dakika 10 kila jioni, na mwombe akuoneshe namna anavyofungua fungu la mia."