Siku 183: kodi ya anayeishi ng'ambo huku ameajiriwa nyumbani

Mwajiri yuko Nairobi, mshahara unaingia benki ya Nairobi, lakini mwajiriwa na kompyuta yake wako Leeds, Uingereza. Huko ndiko kufanya kazi kwa mbali ukiwa ng'ambo. Mkataba wa ajira ni ule ule, ila mahali pa kazi pamehama, na hilo kwa mamlaka za kodi si dogo: kimsingi mshahara hutozwa kodi pale mtu alipoketi akiutafuta. Benki unakoingia haina uzito.

Hapa ndipo siku 183 zinapotajwa, na ndipo wengi wanapopotoka. Husemwa kwamba usipofikisha siku hizo, yaani kama miezi sita, ng'ambo, hudaiwi kodi na yeyote. Si kweli. Katika mikataba ya kuepusha kutozwa kodi mara mbili, kama ule wa Kenya na Uingereza, kanuni hiyo humlinda mtu ambaye bado ni mkazi wa Kenya kikodi (sheria ya kodi inamhesabu wa Kenya) na amekwenda Uingereza kwa muda tu. Kwa kawaida masharti ni matatu, na yote sharti yatimie: siku za kukaa huko zisizidi 183, mwajiri asiwe mkazi wa Uingereza, na mshahara usigharimiwe na tawi la mwajiri lililoko huko.

Aliyehamia kabisa, tuseme amemfuata mwenzi wake, kanuni hii haimkingi. Tena Uingereza inaweza kumhesabu mtu kuwa mkazi kwa siku pungufu ya hizo, ikitazama nyumba, familia na kazi yake. Kalenda nazo hazilingani: mwaka wa kodi wa Kenya ni Januari hadi Desemba, wa Uingereza huanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili.

Kwa upande wa Kenya, sheria inautoza kodi mshahara unaolipwa na mwajiri mkazi wa Kenya hata kama mwajiriwa si mkazi. Kwa hiyo PAYE, kodi ambayo mwajiri hukata kwenye mshahara, huendelea kukatwa, na asiye mkazi hukosa nafuu ya kodi ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Mwenye nyumba ya kudumu Kenya akirudi hata kwa likizo fupi, anakuwa mkazi wa mwaka huo. Basi nchi zote mbili zinamdai, na mkataba wa kuepusha kutozwa mara mbili ndio unaoamua. Hapo huombwa cheti cha ukaazi wa kikodi kutoka HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kikapelekwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, pamoja na maombi ya kurejeshewa kodi. Hifadhi fomu za P9 (taarifa za mwaka za mshahara na kodi iliyokatwa), hati za malipo na mihuri ya pasipoti.

Uingereza hakuna wa kukukatia. Unajiandikisha kufikia 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kuisha, kisha unawasilisha hesabu mtandaoni na kulipa kufikia 31 Januari. Kinachoumiza ni bili ya kwanza: mara nyingi huongezewa nusu ya makadirio ya mwaka unaofuata, kwa hiyo tenga fedha kila mwezi. Ikiwa mwajiri hana ofisi huko, mchango wako wa bima ya taifa unaulipa mwenyewe.

Viza ni suala jingine. Tangu 31 Januari 2024 mgeni wa matembezi anaruhusiwa kufanya kazi ya mwajiri wake wa nyumbani, mradi hiyo isiwe sababu kuu ya safari.

Mwajiri naye asilale. Mfanyakazi wa mauzo anayefunga mikataba ya kampuni akiwa sebuleni kwake Leeds anaweza kuifanya kampuni ihesabiwe kuwa na biashara Uingereza, na faida yake ikadaiwa kodi huko.