Kozi Inaporekebishwa, Nini Hasa Hubadilika?

Ninafundisha Kiswahili katika chuo kidogo cha sanaa huria huko Massachusetts, Marekani, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mjumbe wa kamati ya mitaala, inayosoma kila pendekezo la kozi kabla halijapigiwa kura katika kikao cha walimu wote. Wenzangu wa Dar es Salaam na Nairobi huniuliza inakuwaje orodha yetu ya kozi ikabadilika kila mwaka, ilhali kwao programu moja ya shahada huchukua muda mrefu kuandaliwa na kuidhinishwa. Swali hilo linastahili jibu la kina.

Nianze na jina. Sanaa huria ninayoizungumzia, yaani elimu pana ya masomo mbalimbali badala ya taaluma moja, haihusiani na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Asili yake ni zile sanaa saba za Ulaya ya kale: sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jometri, muziki na elimu ya nyota. Mwaka 1828 walimu wa Yale walitoa ripoti ya kutetea Kigiriki na Kilatini kuwa msingi wa elimu ya chuo, lakini Charles Eliot, aliyeongoza Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, aliwafungulia wanafunzi mlango wa kujichagulia kozi, na vyuo vingine vikafuata kwa mwendo tofauti. Tangu hapo orodha ya kozi haijatulia.

Kijana anayeingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huwa amekwisha kuchagua programu yake. Mwanafunzi wangu hutangaza somo lake kuu karibu na mwisho wa mwaka wa pili, na katika miaka minne husoma kozi zipatazo 32, nne kila muhula, nyingi kati ya hizo akizichagua mwenyewe baada ya kusoma maelezo ya aya moja tu. Chini ya aya hiyo kuna mstari mfupi unaotaja sharti la awali, yaani kozi anazopaswa kuwa amezisoma kabla ya kuruhusiwa kujiandikisha. Kwa uzoefu wangu, mstari huo huamua mambo mengi kuliko muhtasari mzima wa kozi.

Kozi mpya haitusumbui sana. Haina watu walioizoea, na mara nyingi huruhusiwa kufundishwa kwa majaribio mara moja au mbili kabla ya kuingizwa rasmi. Kozi iliyorekebishwa ndiyo inayohitaji uangalifu, kwa sababu kuna idara inayoitegemea, na kuna wanafunzi walioko njiani ambao mipango yao imejengwa juu yake.

Kozi yangu ya ushairi wa Kiswahili ilikuwa na sharti la mihula minne ya lugha. Niliamini sharti hilo linalinda kiwango, mpaka nilipokaa na kupiga hesabu. Taasisi ya mafunzo ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji takriban saa 900 za darasani ili afikie Kiswahili cha kufanyia kazi. Mihula yetu minne, kwa saa tano kwa wiki na wiki 14 kwa muhula, ni saa 280. Sharti lile liliwafungia nje wengi, na hata waliolitimiza hawakuwa wameandaliwa kusoma ushairi wa kale wa Lamu na Mombasa. Mwaka wa kwanza nilipata wanafunzi watatu, wa pili wawili, na wa tatu kozi ikafutwa.

Nilipoirekebisha, nilipunguza sharti likawa mihula miwili, nikaongeza kipindi cha saa moja kila wiki cha kusoma kwa sauti, na wiki tatu za mwanzo nikazitenga kwa ajili ya vina na mizani (hesabu ya silabi za mshororo) tu. Huwaandikia ubaoni mshororo niliotunga mwenyewe: "Wavuvi wamerejea, pwani kumechangamka." Mwanafunzi mmoja wa muziki aliuhesabu kwa kugonga meza akapata mizani 15, akarudia, akapata 15 tena. Nilimwomba atamke neno la mwisho polepole. Alipofika kwenye ile "m" ya "changamka" iliyosimama peke yake kama silabi, alinyamaza, akagonga mara moja zaidi, na 16 zikatimia, nane za ukwapi, kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili. Somo hilo halikuhitaji mihula minne. Lilihitaji sikio, na yeye alikuwa nalo.

Katika kamati, mwenzangu wa idara ya hisabati aliuliza swali lililonilaza macho: ikiwa sharti limepungua, je, kozi bado inastahili namba ya ngazi ya 300, ile ya kozi za juu? Namba si pambo, kwa kuwa mwanafunzi wa somo kuu hudaiwa idadi fulani ya kozi za ngazi ya juu. Baada ya vikao viwili nilikubali ishuke hadi ngazi ya 200, na sasa naona alikuwa na haki. Muhula uliofuata walijiandikisha wanafunzi 11.

Lakini wale wachache waliofika mwaka wa tatu wa Kiswahili wamebaki bila kozi yao, na jambo hilo linaniuma kwa sababu ni mimi niliyeiondoa. Nimewasilisha pendekezo jingine, la kozi ya nusu uzito ambamo watasoma nami tendi, yaani mashairi marefu ya masimulizi, katika hati za Kiarabu, mara moja kwa wiki. Kamati imelirudisha ikitaka nieleze nani ataifundisha nikiwa likizoni, nami bado sijapata jibu la kuandika.