“Mjomba, Nikifika Nitalipwa?” Tunayoyaamini Kuhusu Michezo ya Vyuo vya Marekani, na Ukweli Wake

Jumamosi ya mechi hapa Columbus, Ohio, moshi wa makaa huanza kufuka kwenye maegesho ya magari tangu asubuhi. Mafundi bomba, walimu, wauguzi waliotoka zamu ya usiku, wote wamevaa nyekundu na kijivu, wanageuza nyama na kubishana. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Ohio State unachukua watu 102,780. Ule wa mahasimu wao wa Michigan, kule Ann Arbor, unachukua 107,601. Na wanaocheza humo ni wanafunzi.

Nimekaa kwenye mazungumzo hayo miaka kadhaa na ninayapenda. Yataanza na kocha aliyeshindwa na Michigan, yapite kwenye bei ya petroli, riba ya mkopo wa nyumba na deni la masomo la binti ya mtu, kisha yarudi uwanjani. Jioni simu yangu hulia. Ni mpwa wangu wa kidato cha nne kule Iten, mkimbiaji wa mita 5,000, na swali lake ni lile lile: “Mjomba, nikifika huko nitalipwa?” Nimegundua kwamba wale wa kando ya makaa na huyu wa Iten wanaamini mambo yanayofanana sana. Mengi si ya kweli, na kwa familia inayotaka kuuza ng'ombe ili kijana asafiri, kuamini hivyo kunaweza kugharimu.

“Chuo chenye timu kubwa kina pesa za kumwaga”

Pesa zinazoingia ni nyingi kweli. Haki za kutangaza mechi za Big Ten, jumuiya ya vyuo vinavyoshindana pamoja, iliyo na Ohio State na Michigan, ziliuzwa mwaka 2022 kwa zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Mtu akisikia hivyo hudhani hazina imejaa.

Lakini kuingiza ni kitu kimoja na kubakiza ni kingine. NCAA, chama kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo hii, kilieleza kwamba mwaka 2019 ni vyuo 25 tu, kati ya takriban 1,100, ambavyo michezo iliviingizia zaidi ya vilichotumia. Ohio State yenyewe, katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024, idara yake ya michezo ilitumia karibu dola milioni 38 zaidi ya ilizoingiza. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba msimu ule ulikuwa na mechi sita tu za nyumbani. Fikiria hilo: idara ya michezo tajiri kuliko karibu zote nchini inayumba kwa sababu ya Jumamosi moja au mbili.

Pesa hizo huenda kwa makocha, ambao katika majimbo mengi ndio watumishi wa umma wanaolipwa mishahara mikubwa kuliko wote, gavana akiwemo. Huenda pia kwa makocha waliofukuzwa: Texas A&M ilipomwondoa Jimbo Fisher mwaka 2023, mkataba uliitaka imlipe zaidi ya dola milioni 75 ili aende zake. Na huenda kwenye ndege. Tangu 2024 vyuo vya Los Angeles, USC na UCLA, viko jumuiya moja na Rutgers ya New Jersey. Mabinti wa voliboli wanavuka bara zima kwenda kucheza na kurudi, kisha asubuhi kuna darasa.

Katika vyuo vingi pengo hilo huzibwa na bajeti ya chuo na makato yanayoongezwa kwenye karo ya kila mwanafunzi, hata yule asiyejua mpira una umbo gani. Huyo ndiye binti mwenye deni anayezungumzwa kando ya makaa. Hili huniuma, kwa sababu baba yake anashangilia bila kujua kwamba sehemu ya deni lile inaweza kuwa imelipia taa za uwanja.

Kuna na hoja ya mji kunufaika. Hoteli hujaa na bei hupanda, sikatai. Ila wachumi wamesema kwa muda mrefu kwamba sehemu kubwa ya pesa hizo ingetumika tu kwingineko katika jimbo lile lile, kwenye sinema au mkahawa wa mtaani, na kwamba huingia kwa Jumamosi sita au saba tu kati ya 52 za mwaka.

“Siku hizi wachezaji wote ni mamilionea”

Hapa ndipo mpwa wangu amezongwa zaidi na video za simu, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwa miongo mingi mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kupokea chochote zaidi ya masomo, chakula na malazi. Mambo yalibadilika haraka. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, iliamua katika kesi ya Alston kwamba NCAA haiwezi kuwawekea wachezaji kikomo cha manufaa yanayohusu masomo. Siku chache baadaye, Julai 1, wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina, sura na umaarufu wao kwa matangazo. Kisha Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha mapatano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA: takriban dola bilioni 2.8 za fidia kwa wachezaji wa miaka iliyopita, na kwa mara ya kwanza vyuo vyenyewe kuruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza.

Sasa gawanya. Vyuo vingi vikubwa vilipanga kutoa karibu asilimia 75 kwa futiboli ya Kimarekani, asilimia 15 kwa mpira wa kikapu wa wanaume, asilimia 5 kwa ule wa wanawake, na asilimia 5 zilizobaki zigawanywe kwa michezo mingine yote. Mkimbiaji wa mbio za nyika yumo kwenye hizo tano za mwisho, pamoja na waogeleaji, wapiga makasia na wacheza gofu. Na chuo kidogo hakina hizo milioni 20 za kugawa.

Kwa kijana wa kutoka nyumbani kuna ukuta mwingine, ambao sijawahi kumsikia shabiki hata mmoja akiutaja: viza. Mwanafunzi wa kigeni huja kwa viza ya F-1, na viza hiyo haimruhusu kufanya kazi nje ya chuo bila idhini maalumu. Ndani ya chuo anaweza kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Kupiga picha za tangazo la viatu kwa malipo kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi, na akivunja masharti anahatarisha haki yake ya kuwa nchini. Ndiyo maana mwenzake Mmarekani wa chumba kimoja anaweza kusaini mkataba, na yeye asisaini.

Kwa hiyo, mpwa wangu, jibu ni kwamba usipige hesabu ya mshahara.

“Skolashipu ni bure, kila kitu kimelipwa”

Katika futiboli ya ngazi ya juu, mara nyingi ndivyo. Riadha si hivyo. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya riadha na mbio za nyika katika Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, iliruhusiwa jumla ya skolashipu 12.6, na kocha akazikatakata kwa wanariadha 30 au zaidi. Huyu nusu, huyu robo, huyu vitabu tu. Baada ya mapatano ya 2025, vyuo vilivyoyakubali vinaweza kutoa skolashipu kamili kwa kikosi kizima, kinachowekewa kikomo cha idadi ya wachezaji. Kuruhusiwa si kuwa na uwezo. Daraja la Tatu, lenye vyuo vingi kuliko mengine, halitoi skolashipu ya michezo hata moja, ingawa chuo kinaweza kumsaidia mwanafunzi kwa alama zake au kwa hali ya familia yake.

Na kinachotolewa kinaweza kupunguka. Washington State ndicho chuo alichosoma Henry Rono mwaka ule wa 1978 alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Juni 2025 chuo hicho kilitangaza kufuta mashindano ya kuruka na kurusha na kubana mbio fupi, kikibaki na mbio ndefu. Mrusha mkuki aliyekwisha kusafiri kwenda huko alijikuta hana timu.

“Mwanamichezo hasomi”

Ingekuwa hivyo, kijana hata mlango asingeupita. NCAA hudai masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama wa angalau 2.3 kati ya 4 kwa Daraja la Kwanza. Akishaingia, mazoezi rasmi yana kikomo cha saa 20 kwa wiki, ila safari haihesabiwi wala matibabu, na siku nzima ya mashindano huandikwa kama saa tatu tu. Kinachobaki cha usiku ndicho cha vitabu.

Tazama waliopita huko. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 Munich 1972, alifika hadi shahada ya udaktari Oregon, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Sally Kipyego alishinda mataji tisa ya NCAA akiwa Texas Tech huku akisomea uuguzi, kisha akatwaa fedha ya mita 10,000 London 2012. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa mwaka 1987 kwenda Georgetown akitaka kuwa daktari. Kocha wa mpira wa kikapu akamwona urefu. Alihitimu isimu na diplomasia mwaka 1991, na udaktari alioukosa akaulipia kwa namna nyingine: hospitali iliyofunguliwa Kinshasa mwaka 2007, yenye jina la mama yake. Nikiwasimulia hao wenzangu wa kando ya makaa, hunyamaza kidogo.

“Chuo ni daraja la ligi za kulipwa”

Ni wachache. NCAA ina wachezaji zaidi ya 500,000, na chini ya asilimia 2 ndio hupata timu ya kulipwa. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili nchini kote na timu za NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu, mwaka 2009 kutoka chuo cha Connecticut, na hata yeye msimu wake wa kwanza haujaisha alikuwa ameshushwa ligi ya chini kwa muda.

Mwezi uliopita mtu mmoja alimfuata dada yangu, akataka pesa za “kumhakikishia” mwanawe nafasi Marekani. Nikamwambia dada asitoe hata shilingi. Anwani za barua pepe za makocha zimeandikwa wazi kwenye tovuti za vyuo. Jumapili tulikaa kwenye simu, mimi na mpwa wangu, tukaandika wenyewe: muda wake wa mita 5,000, uwanja alioukimbilia, mwaka atakaomaliza shule. Kocha mmoja alijibu baada ya siku tatu. Muda hakuuzungumzia. Aliuliza alama za hisabati.