Moyo wa Kima Juu ya Mkuyu: Tusomeje Jataka?

Jataka ni visa vya maisha ya awali ya Buddha. Mkusanyo wa Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, una jataka 547, na kila moja ina tabaka zake: kisa cha sasa kilichomfanya Buddha asimulie, kisa cha kale, beti, ufafanuzi wa maneno, kisha samodhana, yaani ufunuo wa nani alikuwa nani katika maisha yale. Beti ndizo maandiko yenyewe. Nathari ni ya wafafanuzi. Kwa hiyo mimi huanza na beti, hata kama nathari inavutia zaidi.

Chukua namba 208. Mke wa mamba anatamani moyo wa kima. Mamba anamrubuni kima kwa matunda ya ng'ambo ya Ganges, anambeba mgongoni, na katikati ya mto anaanza kuzama naye. Kima anajitetea: mioyo yetu huiacha mtini, ile pale imening'inia kwenye mkuyu.

Sasa soma beti zake mbili peke yake. Kima anayakataa maembe, zambarau na mafenesi ya ng'ambo ya bahari. Mkuyu wake unamtosha. Kisha anamwambia mamba kuwa mwili anao, akili ya kulingana nao hana. Moyo haukutajwa kabisa, na mto umekuwa bahari! Naona hapa kisa kilikwisha kuenea midomoni mwa watu, beti zikakigusia tu, na wafafanuzi wakakijaza kwa namna yao.

Wengi wanaokosea huanza kwa kuipuuza samodhana. Mamba ni Devadatta, aliyetaka kumuua Buddha, na kima ni Buddha mwenyewe, kwa hiyo tangu mwanzo mamba anamwinda kima. Hakuna urafiki unaovunjwa. Urafiki umo katika Panchatantra, mkusanyo wa hadithi za Kihindi kwa Kisanskriti, kitabu cha 4, kinachohusu kupoteza ulichokwisha kupata. Huko mamba anampoteza rafiki, na hasara hiyo ndiyo kiini.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu zaidi ya kuchanganya, maana kisa alichokizoea ni kile cha kima na papa, marafiki, kilichochapishwa na mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Zanzibar: Kisa cha Punda wa Dobi. Mtazame huyo punda. Ameuawa na simba, na moyo na masikio hayaonekani. Kima anamsimulia papa habari hiyo kueleza kwa nini yeye kima harudi tena majini. Punda huyohuyo yumo katika kitabu cha 4 cha Panchatantra na katika Kalila wa Dimna, toleo la Kiarabu la hadithi hizo lililoandikwa na Ibn al-Muqaffa, karne ya 8. Katika jataka 208 hayumo. Ukimkuta punda ndani ya kisa cha kima, uko kwenye tawi la Panchatantra, na Devadatta usimtafute humo.