Ghazu ni nini, na kwa nini Vita vya Basus si ghazu

Katika mihadhara na mazungumzo kuhusu historia ya Bara Arabu, neno ghazu limezoeleka kutumiwa kwa kila tukio ambalo Mabedui walishika silaha, kuanzia vita vya kisasi vya zama za kabla ya Uislamu, kama Vita vya Basus, hadi mashambulizi ya Ikhwan, wapiganaji wa kidini wa Ibn Saud, katika miaka ya 1920. Msikilizaji huondoka akiamini kwamba makabila hayo yaliishi kwa kuuana. Ghazu ni safari ya ghafla ya kwenda kuteka mifugo, hasa ngamia, wa kabila jingine lisilo na mapatano na washambuliaji, na kurejea nao kabla wenye mali hawajajikusanya. Maana ni hiyo tu. Lenye uzito zaidi ni kujua mipaka yake.

Baadhi ya mkanganyiko unatokana na ukaribu wa neno hili na ghazwa, ambalo wasomaji wa sira wanalifahamu vyema. Ghazwa ni msafara ambao Mtume Muhammad (S.A.W.) aliuongoza mwenyewe, kama wa Badr au wa Tabuk, na ule aliomkabidhi sahaba kuuongoza huitwa sariya. Mzizi wa Kiarabu ni mmoja, lakini ghazu ya Mabedui haikuwa na dola nyuma yake wala haikudai kueneza imani yoyote, na anayeieleza kwa kutumia hukumu za ghazwa anaipotosha sira na kuwapotosha Mabedui pia.

Msafara wa ghazu uliongozwa na akidi, mtu aliyejulikana kwa ujuzi wa visima na njia na kwa bahati aliyoaminika kuwa nayo, wala haikuwa lazima awe shekhe wa kabila. Walisafiri siku kadhaa juu ya ngamia, huku farasi majike wakiongozwa kwa kamba pembeni ili wasichoke. Walipolikaribia kabila walilolikusudia, ngamia wa safari waliachwa mafichoni na walinzi, wapiganaji wakapanda farasi, kisha wakashambulia, aghalabu alfajiri, na kuwaswaga ngamia waliowapata. Akidi alikuwa na fungu lake maalumu katika ngawira. Wanawake hawakuguswa, na mpiganaji aliyeshindwa akaomba himaya alilindwa na yule yule aliyemshinda.

Ndani ya ghazu, kuua kulikuwa hasara. Aliyeua alileta nyumbani deni la damu, na deni hilo halikumwangukia yeye peke yake bali pia jamaa zake wa upande wa baba hadi kizazi cha tano, wale ambao Mabedui huwaita khamsa. Ngamia aliyetekwa leo angeweza kutekwa tena kesho bila mtu kuzikwa, lakini mtu aliyeuawa alidai kisasi au dia, yaani fidia ya damu, na jambo lililoanza kama kutafuta mali likageuka kuwa uadui wa koo mbili. Kwa sababu hiyo akidi mzuri alisifiwa kwa kurudi na ngamia wengi na watu wake wote wakiwa hai.

Hapo ndipo Vita vya Basus vinapotengana kabisa na ghazu. Masimulizi ya Waarabu yanasema kwamba Kulayb wa kabila la Taghlib alimpiga mshale ngamia jike aliyekuwa chini ya himaya ya Basus, mwanamke aliyekuwa akiishi kwa Bani Bakr. Jassas, mpwa wa Basus, akamuua Kulayb, na ndugu yake Kulayb, Muhalhil, akaongoza kisasi ambacho mapokeo yanakihesabu kuwa cha miaka 40. Ngamia yumo katika kisa hicho, ndiyo, lakini hakuna aliyekwenda kumteka. Kilichopiganiwa ni himaya iliyovunjwa, na baada ya hapo damu. Kukiita kisa hicho ghazu ni kuchanganya mambo mawili ambayo sheria ya jangwani ilijitahidi sana kuyatenganisha.

Tofauti na wizi nayo haifai kupuuzwa. Kuchukua ngamia wa mtu wa kabila lako, au wa jirani aliye chini ya himaya ya mwenzako, kulikuwa wizi na fedheha, na mali ilirudishwa. Kabila lililokuwa na mapatano lilipaswa kwanza kupelekewa taarifa kwamba mapatano yamekwisha. Kulishambulia bila taarifa hiyo kulikuwa hiana. Wanyonge walikuwa na njia nyingine: kijiji cha wakulima au kabila dhaifu lililipa khuwa, yaani malipo ya udugu, kwa mtu mahususi wa kabila lenye nguvu, naye akawajibika kuwarudishia mifugo yao iwapo wenzake wangeiteka. Miungano kwa hiyo haikuwa ya kudumu kama watu wanavyodhani. Makabila ya Shammar na Anaza yalishindana kwa vizazi juu ya malisho na visima vya kaskazini, lakini hata ndani ya Anaza, Warwala walipambana na ndugu zao Fid'an na Sba'a, kisha wakapatana msimu ulipobadilika.

Ikhwan waliivunja desturi hiyo. Kuanzia takriban 1912 Ibn Saud, mtawala wa Najd aliyeasisi Saudi Arabia, aliwakalisha watu wa makabila kama Mutair na Utaiba katika makazi yaliyoitwa hijra, Artawiyya likiwa mojawapo ya yale ya mwanzo. Wapiganaji hawa waliendelea kupanda ngamia na kushambulia alfajiri, ila waliua wanaume walioshindwa kwa kuwahesabu kuwa wamepotoka katika dini. Shambulizi la Jahra, Kuwait, mwaka 1920 linafanana na ghazu kwa mwendo wake tu.

Ndiyo maana kauli kwamba Ibn Saud aliikomesha ghazu katika mapigano ya Sabilla, Machi 1929, inahitaji kurekebishwa kidogo. Walioshindwa Sabilla ni Ikhwan waliomwasi chini ya Faisal al-Duwaish na Ibn Bijad. Ghazu ya zamani ilikuwa tayari inabanwa na mipaka ya Najd na Iraq na Kuwait iliyochorwa Uqair mwaka 1922, na mapatano ya Bahra na Hadda ya Novemba 1925, kati ya Ibn Saud na Waingereza, yaliyokataza makabila kuvuka mipaka kwenda kushambulia, na magari na ndege ambazo farasi jike hakuweza kuzikimbia. Na kwa makabila ya Transjordan (Jordan ya leo) ilizimika mwanzoni mwa miaka ya 1930, doria ya jangwani ilipoanza kuwaandikisha Mabedui wenyewe.